Dawa za Marehemu Mama Yako

Katana, wewe uliyebeba jina la baba yangu,

Salamu tutapeana asubuhi ukiamka. Hapa nakuandikia neno ambalo mdomo wangu hauliwezi. Wajua mimi si mtu wa kusema sana, na siku moja niliyosema mbele ya watu nilikuharibia. Kwa hiyo naandika. Mwandiko ni wangu, ule wa gumbaru, usiucheke. Mama yako ndiye aliyenisukuma niende kusoma na wazee wenzangu, akasema ni aibu mtu mzima kutia dole gumba kila mwisho wa mwezi.

Mambo ya blanketi, ya kukaa mbele kwenye basi usije ukatapika, ya kuandika ukifika, dadako Dama amekwambia na atakwambia tena. Mimi sirudii.

Nimevikuta vidonge.

Sikuwa nakupekua. Dama alinipa viatu vyako vya ulingoni nivifunge pamoja, nikaona kimoja kimetiwa kitambaa kule mbele kwenye vidole. Nikadhani kiatu kinapwaya. Nikakivuta kitambaa nikikunje vizuri, vikaanguka mkekani. Vyeupe, vidogo, na mstari katikati. Katana, vidonge hivyo mimi navijua hata gizani.

Basi nimeelewa kwa nini wiki hii yote unatema mate kwenye kopo. Nimeelewa kwa nini jana Dama alipokupa maji uliyapeleka mdomoni, ukameza mate, ukakirudisha kikombe kimejaa. Ulidhani hatuoni. Kupimwa uzani ni Jumamosi huko Nairobi. Yule bwana anayekuchukua anataka upigane kwenye uzani wako wa zamani, ule wa kabla hujafungiwa ndondi, na wewe umekubali.

Neno langu ni la hivyo vidonge tu. Haya mengine naandika ili nilifikie, maana nikilisema peke yake utasema, baba huyo, ana uso gani wa kunikataza? Na utakuwa umesema kweli.

Wewe mengi ya haya wayajua. Lakini hujapata kuyasikia kutoka kwangu.

Mtu akiniuliza kazi yangu nasema kibarua wa chumvi. Kazi yenyewe ni kukausha maji. Tunafungulia maji ya bahari yaingie kwenye vidimbwi, tunayafungia humo, jua linachoma, siku zinapita, sisi tunaikusanya chumvi kwa reki na kuitia kwenye magunia. Tangu nitoke Ganze na mama yako, tukiwa na sanduku moja na wewe mgongoni, nimekaa hapa Gongoni nikitazama maji yakikauka. Nikajiona fundi. Na fundi mjinga akipata kazi mpya huishika kwa mikono ya kazi ya zamani.

Nilipenda ulivyokuwa ukipigana. Hilo sikuwahi kukwambia. Ulianza kwa utundu, ukipigana na mataniboi wa malori ya chumvi hapo kwenye mzani, na nyapara akiwafukuza kwa fimbo. Halafu ukawa unakwenda Malindi kila jioni kwa Kocha Hamisi. Mzee Hamisi alikuja mpaka hapa nyumbani kuniomba ruhusa, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Karisa," akaniambia, "mtoto wako ana mkono. Mimi vijana nimewaona wengi. Wengine wana kifua, wengine wana mdomo. Huyu ana mkono."

Mama yako akiwa jikoni akajibu kabla yangu, "Mkono anao, lakini pua anayo moja tu. Mniangalizie."

Tukacheka. Alikuwa bado mzima wakati huo. Miguu ilikuwa haijaanza kuvimba.

Halafu ukapigana pale ukumbini Malindi, na yule Mtaliano mwenye hoteli akakuona. Sinyore. Kila mtu alimwita hivyo, jina lake hasa mimi silijui mpaka leo. Akaja na gari kwenye chumvi, viatu vyeupe, akasimama kwenye tuta akiogopa kukanyaga. Akasema ana rafiki yake huko kwao anayetafuta mabondia, atakupeleka ukapigane kwa mkataba, si mashindano ya vikombe tena. Akakutazama juu mpaka chini. "Mzee, kijana yako nzuri sana. Kilo mbaya."

Kilo zilikuwa zimezidi. Si nyingi, lakini mkataba ulikuwa wa uzani wa chini, na wa chini tu.

Kocha Hamisi akakataa. Nakumbuka alivyosimama mlangoni, kofia mkononi. "Karisa, weye nisikize. Mwache mtoto apigane juu. Mwili wake unapanda, usiurudishe chini. Atapata mkataba mwingine."

Mimi nikamjibu, "Wewe mfundishe ngumi. Kukausha niachie mimi."

Nilisema hivyo, tena kwa majivuno, mbele yako. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ndoo ukifunga kitambaa mkononi, ukainua macho ukanitazama, ukafurahi. Uliona baba yako anajua kitu. Hayo macho yako ndiyo yananisumbua kuliko maneno yangu.

Basi tukaanza. Nilitoboa gunia la nailoni matundu matatu, kichwa na mikono, nikakuvisha. Juu ya hilo nikakuvisha lingine. Nikakukimbiza kwenye matuta jua likiwa utosini, vidimbwi vinang'aa huku na huku, na wewe unatoka jasho mpaka viatu vinalia. Kisha nakupandisha kwenye mzani wa magunia. Nyapara akaja akasoma, akapiga kelele watu wote wasikie, "Karisa! Gunia lako hili lina miguu, kampuni hainunui!" Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mate hukuwa nayo. Midomo ilikuwa imepasuka.

Kilo zilishuka, lakini hazikutosha.

Mama yako alikuwa amekufa miezi kadhaa nyuma. Wajua alivyokuwa, miguu imevimba kama mtu aliyevaa soksi za maji, na akilala chali anakosa pumzi. Hospitali wakampa vile vidonge. Sista akanieleza, "Hivi ni vya kutoa maji mwilini. Kimoja kila asubuhi, na hakikisha anameza." Na kweli, mwanzo alipomeza, alishinda chooni mchana kutwa, na kesho yake miguu ilikuwa imenywea, mfupa wa kifundo unaonekana. Mimi nilistaajabu. Nikasema, hii dawa inafanya kwa siku moja kazi ya jua ya wiki.

Alipokufa tukakaa hanga, matanga ya kwetu, watu wakalala hapa nje, wakala, wakalia, wakaenda. Mama yako mkubwa, dada yake, alibaki kugawa vitu vya marehemu. Alipofika kwenye dawa akasema, "Hizi hazikai nyumbani. Mtu akifa na dawa zake zinakwisha. Zitupeni chooni." Nikamwambia nitazitupa.

Sikuzitupa. Niliona ni dhambi. Dawa za hospitali, zile nilizokwenda kuzipangia foleni kwenye dirisha mpaka mguu ukafa ganzi, nizimwage chooni? Na katika leso yake moja nikakuta pindo limefungwa fundo, ndani mna vingine, vingi. Nikasema, mke wangu Sidi huyu, alikuwa akiweka akiba. Maana dirishani kuna siku walikuwa wakisema dawa imekwisha, rudi wiki ijayo. Nikazitia zote kwenye kopo la majani ya chai nikaweka juu ya mtambaapanya, chini ya paa.

Ndipo kilo zilipokataa kushuka, nikapanda kwenye kiti nikalitoa kopo.

Wewe uliniuliza. Ulisema, "Baba, hizi si za mama?" Nikakujibu, "Mama yako hazihitaji tena. Meza." Nikasimama mbele yako mpaka ukameza, vilevile nilivyokuwa nikisimama mbele yake. Na nyingine nikakufungia kwenye karatasi uende nazo.

Uliposhuka ndege huko kwao Sinyore ulikuwa ndani ya uzani. Ukapigana, ukashinda kwa pointi. Ulinieleza ulivyorudi kwamba katikati ya pambano misuli ya miguu ilikaza ukawa unapigana umesimama pahali pamoja kama mti, na watu wakakushangilia wakidhani ni ushujaa. Baada ya hapo wakakuletea chupa ukojoe. Mkojo hauji. Wakakungoja. Watu wamekwenda kulala, mwenye ukumbi anafagia, wewe umekaa na chupa mkononi na mzungu mmoja mbele yako anakukodolea macho. Uliponisimulia tulicheka, mimi na wewe na Dama. Hatukujua tunacheka nini.

Sinyore alirudi na lile gari lake. Safari hii hakuteremka. Mtumishi wake wa hotelini ndiye aliyetafsiri. Mkojo wako umekutwa na dawa. Si ya nguvu, ni ya kutoa maji, lakini imekatazwa, maana wenye kunywa dawa za nguvu hunywa hiyo ili kuziosha zisionekane. Nikamwambia yule mtumishi, "Mwambie hajanywa nyingine." Akamwambia. Sinyore akanyanyua mabega. Mtu akikutwa anafagia nyayo zake, hata kama hakuiba, ataulizwa anafagia nini. Ushindi ukachukuliwa, mkataba ukafa, na habari ikatumwa mpaka kwa wakubwa wa ndondi wa huku.

Sasa nafika kwenye kikao.

Wakubwa hao walikuja kutoka Mombasa, wakakaa kwenye meza pale ukumbini. Mwenyekiti mtu mnene, mpole, kalamu mfukoni. Vijana wote wa Kocha Hamisi wamejaa ukutani, na wale wa vilabu vingine pia, maana walisikia kuna shauri. Mimi nilikuwa nyuma nimesimama na nguo zangu za kazi, chumvi kwenye magoti.

Mwenyekiti akakuuliza, "Dawa ulipata wapi?"

Ukasema, "Nilinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Mombasa, njiani."

Nilijua unanificha mimi. Na nilijua mtu anayenunua dawa kwa siri anafungiwa zaidi kuliko aliyepewa na baba yake asiyejua. Moyo ukanipanda. Nikasema, leo nitasimama kama mzazi. Nikapaza sauti, "Bwana mwenyekiti, huyu anasema uongo. Dawa nilimpa mimi."

Watu wakageuka. "Wewe nani?"

"Babake."

"Mzee, ulimpa dawa gani?"

Katana, kama ningejibu vidonge, mambo yangeishia hapo. Lakini nilijibu lililokuja mdomoni. Nikasema, "Dawa ya marehemu."

Mwenyekiti akaisogelea meza.

"Marehemu yupi?"

"Mke wangu."

"Na hiyo dawa inafanya nini?"

"Inakausha," nikasema. "Ukimpa mtu, inamkausha."

Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Astaghfirullahi." Na yule Saidi wa Majengo, uliyempiga mwaka ule raundi ya pili, akaruka kutoka ukutani ameshika mkono wake. "Ndiyo maana! Jamani, si niliwaambia? Siku ile mkono wangu ulikauka! Nilirusha ngumi haifiki! Niliwaambia nyinyi mkanicheka!"

Mwingine akadakia, "Wagiriama hao. Utawaweza?"

Mimi nikawa nasema, hapana, sikilizeni, ni ya hospitali, na kila nikisema "dawa" wanazidi kunguruma. Nikasema marehemu alikuwa ameificha kwenye pindo la leso. Hapo ndipo nilipomaliza kabisa. Mwenyekiti alinyanyua mkono, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionikata, "Mzee, mambo ya kwenu huko Ganze tuyaache huko Ganze. Hapa ni ndondi."

Wakakufungia. Kufungiwa kungekwisha, na kumekwisha. Lakini neno langu halikuwa na mwisho wake. Saidi hakukubali tena hata kugusana glavu na wewe. Wadogo walikuwa wakiona kamba yako ya kuruka imeangikwa wanapita mbali. Kocha Hamisi akafukiza ubani ukumbini, kisha akakuita kando. "Sikufukuzi, baba. Wallahi sikufukuzi. Lakini vijana wangu wanakuogopa, nitakupa nani upigane naye? Nikupe ukuta?"

Kutoka kwenye kikao ulitangulia mbele, mimi nyuma, mpaka stendi. Nilingoja unitukane. Mtoto mwingine angenitukana. Ulipofika ukageuka ukaniambia neno moja tu. "Baba, ungesema vidonge. Ungesema vidonge tu."

Hukurudia tena, mpaka leo.

Ukaja kufanya kazi ya chumvi pamoja nami. Bondia mwenye mkono kama ule, umeshika reki. Wapakizi wa malori wakawa na mchezo wao. "Katana, pita mbali, utanikausha!" Na wale akina mama wanaofua pale kwenye bomba, "Mwiteni Katana aje asimame hapa, hizi nguo zikauke twende zetu." Siku moja ulicheka. Ukaenda ukasimama kweli karibu na kamba ya nguo, mikono umeinyoosha, wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nyuma ya gunia. Sikucheka. Niliona mtu anayecheka ili asionekane.

Sasa nikwambie usilolijua.

Mwaka huu, siku ya kuzibua choo, nilikuwa nikimwambia Dama habari za ile akiba ya mama yake. Nikasema, mama yenu alikuwa mtu wa kuona mbele, hata dawa alijiwekea. Dama akaacha ndoo. Akaniambia, "Baba, ile haikuwa akiba."

Nikamwuliza, ni nini basi?

Akasema mama yako alikuwa akikitoa kidonge kila asubuhi nikishatoka kwenda kazini, anakifunga kwenye leso. Mwanzo nilikuwa nasimama mbele yake, akameza. Nilipoanza kumwamini akaacha. Dama alikuwa akimwona. Mama yako akamwapisha asiniambie. Alimwambia, "Vinanikausha mdomo mpaka ulimi unagota kama kijiti. Vinanikaza miguu usiku. Moyo unaruka, unasimama, unaruka. Babako nikimwambia anasema meza. Hajui. Yeye anajua chumvi."

Nikamwambia Dama asikwambie. Agizo hilo leo nimelivunja mwenyewe.

Sijui kama vingemponya. Daktari pengine angesema vingempa muda. Labda nilikuwa sawa kusimama mbele yake, labda sikuwa sawa, hilo nimeshalichoka. Ninalolijua ni hili. Aliniambia mara nyingi vinamfanya nini, na mimi nikasikia mgonjwa anadeka. Halafu nikachukua vitu ambavyo mama yako alivikataa kwa mwili wake mwenyewe, nikakutia wewe mdomoni.

Na sikuwahi kuonja. Watu wawili niliowapenda, nimewasimamia mpaka wakameza, na mimi sijapata kujua kile kitu kina ladha gani.

Leo nimekunywa kimoja.

Usishtuke. Nilikichukua kwenye kitambaa chako nikakinywa bila maji, kama ulivyokuwa ukinywa. Dama amelala, hajui. Nimekwenda choo mara ambazo sikuzihesabu, na bado nasikia kwenda. Ulimi umegota. Mama yako alisema kweli, kama kijiti. Mguu wa kushoto umekaza nyuma ya goti, nimeunyoosha kwenye kizingiti ndipo naandika. Moyo haujaruka, au labda umeruka mara moja, sijui, nilikuwa nausikiliza sana. Na mimi ni mtu niliyekula wari, sima yetu, na samaki jioni hii, nikanywa maji yangu, na kesho sipigani na mtu. Wewe ulikwenda ukasimama mbele ya mtu anayetaka kukuangusha, ukiwa hivi. Ndiyo maana ulisimama kama mti.

Nilikuwa sijui, Katana. Nilikuwa namtuma mtu mahali nisipopajua.

Wakati ule kilo zilizozidi zilikuwa maji na ujana. Sasa si hivyo. Umebeba magunia miaka hii yote. Mabega yako yametanuka. Nikikutazama ukioga pale nyuma naona baba yangu, yule uliyepewa jina lake, aliyekuwa akibeba gunia la mkaa kutoka msituni bila kupumzika. Hizo kilo ni wewe mwenyewe. Ukitaka kuzitoa utamtoa nani?

Yule bwana wa Nairobi si mbaya. Ana makaratasi ya zamani na anasoma yaliyoandikwa humo. Hajakupandisha kwenye mzani. Mwambie. Sema, uzani huu si wangu tena, nipe wa juu. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema basi rudi kwenu. Najua hilo, na najua ulivyoingoja safari hii. Nimekuona ukiruka kamba nyuma ya choo ili watu wasikuone. Sisemi ni jambo dogo. Ukirudishwa, utarudi kwenye reki, na wale wapakizi watakuwa na mchezo mpya, na mimi sitakuwa na la kukusaidia isipokuwa kushika reki nyingine karibu nawe.

Na huko wana chupa vilevile. Wakikukuta safari hii hutakuwa na baba wa kusimama nyuma ya ukumbi kukuharibia. Utakuwa umejiharibia peke yako, na jina la mtu wa dawa halitakutoka tena.

Lakini si chupa ninayoiogopa. Nilizika mtu mmoja ambaye mwili wake ulikuwa ukisema na mimi sikuusikia. Wako unasema. Midomo yako imepasuka tena, nimeiona jioni ukitabasamu na Dama.

Nimefikiria kuvitupa. Nilivishika nikafika mpaka mlangoni. Nikarudi. Nikivitupa utanunua vingine, na tena nitakuwa nimesimama mbele yako nakuamulia kinachoingia mdomoni mwako na kisichoingia. Hiyo kazi nimeiacha. Nimevirudisha kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye kiatu, kimoja kimepungua. Ni vyako.

Basi nisikie. Asubuhi nitaamka kabla ya Dama. Nitateka maji, nitakujazia kikombe nikiweke juu ya sanduku karibu na mlango, pale utakapopita. Sitasema kitu. Sitakutazama pia, nitakuwa nje nafunga mzigo.

Ukiyanywa nitasikia kikombe kikiwekwa chini kitupu. Kina sauti yake.

Usipoyanywa, nitabeba mzigo wako kichwani mpaka stendi vilevile, na nitakushika mkono, na basi likiondoka nitabaki nimesimama. Hilo halibadiliki. Lakini unywe, baba. Nakuomba kama ninavyomwomba yule uliyebeba jina lake. Unywe yote.

Mimi babako,
Karisa